Geji ya Jungu la Pili

2 Machi

Njegere na mvua huanza pamoja katika nchi hii ya juu, na mimi huitwa pamoja nazo. Kiwanda cha makopo kimewasha boila leo. Kama kila mwaka, nitakwenda kila Jumamosi kuhakiki vipimajoto vyao mpaka njegere ziishe mashambani. Mzigo wangu ni uleule: kipimajoto cha rejea ndani ya kasha lake la mbao, chupa ya barafu, tanuru dogo la umeme lenye matundu mawili, bisibisi, kitambaa safi. Mgongo tu ndio umebadilika.

Majungu ya mvuke ni matatu, marefu kuliko mtu. Makopo yaliyofungwa huteremshwa ndani, kifuniko hukazwa, mvuke hufunguliwa. Joto linalotakiwa ni mia na kumi na sita. Ukipika kwa mia na kumi na mbili, mkono wa binadamu hautahisi tofauti, lakini kijidudu kisichoonekana kitaihisi na kitashukuru. Kikibaki hai, kopo huvimba. Na lisipowahi kuvimba likiwa ghalani, atakayedhurika ni mlaji. Mpishi wa jungu hana jicho lingine ila geji ya joto iliyopachikwa ubavuni, na geji haina jicho lingine ila mimi.

Nimeanza kama ninavyoanza siku zote. Barafu iliyosagwa na maji safi, kipimajoto cha rejea ndani yake, nikingoja kisome sifuri. Kikishasoma sifuri ndipo ninapopata haki ya kuwashuku wengine. Kisha nikachomoa geji moja moja, nikaipasha ndani ya tanuru pamoja na rejea, nikaziacha zitulie. Zote tatu zilikuwa zimepotoka kidogo baada ya kukaa bila kazi. Nikaandika kwanza nilivyozikuta, ndipo nikashika bisibisi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii, na ningependa watu pia wangekuwa nayo: andika ulivyokikuta kabla hujakigusa.

Jungu la pili mwaka huu linapikwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Tulihama kwetu ndani ya lori moja na tangu hapo tumeishi chini ya bati moja. Kule chini, ujanani, alipika makopo ya samaki; huku amekuwa mlinzi, mchukuzi, mpakaji rangi wa mabati, kila kitu isipokuwa kazi aliyoijua. Nilimwombea mimi kwa Meneja. Kibali chake cha kuishi hupigwa muhuri upya kila mwaka kwa barua ya mwajiri, na mwajiri wake wa zamani amefunga duka. Kwa hiyo asipomaliza msimu huu vizuri, sijui.

3 Machi

Mvua. Maharage ya shemeji yamekaa motoni tangu asubuhi, na jioni tumeyatafuna kama kokoto. Amelaumu maji. Anasema maji ya huku ni mavivu, yanatoa mapovu bila kufanya kazi. Wimbo huu naujua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

9 Machi

Jungu la kwanza, sawa. La tatu limepungua kwa kiasi kidogo kisicho na neno. La pili, geji yake inasoma digrii nne na kitu zaidi ya ukweli.

Nilirudia. Nikabadilisha tundu la tanuru, nikabadilisha barafu, nikapiga sifuri upya. Rejea haina kosa. Geji ikisema mia na kumi na sita, jungu liko kwenye mia na kumi na moja na ushee. Nikaandika, nikairekebisha, nikairudisha mahali pake, nikamwambia Meneja.

Meneja ni mwanamama wa gambuti na miwani iliyofungwa kamba, hapotezi maneno. Aliamuru makopo ya jungu la pili ya wiki hii yatengwe, na sampuli zake zikae kwenye chumba cha joto, kile chumba kidogo ambamo makopo huatamiwa kama mayai ili yatakayovimba yavimbe mapema. Halafu akaniuliza kama geji huweza kuruka namna hiyo.

Huweza, nikamwambia. Ikigongwa.

Nikiwa natoka, mtu wa boila alikuwa mlangoni kwake. Tunamwita Masizi, amezaliwa mji huu, na baba yake aliwasha boila hii kabla yake. Kila Jumamosi huniomba barafu inayobaki aweke kwenye maji yake ya kunywa, na kila Jumamosi humwambia kwamba barafu ya vipimo si ya kunywa.

“Mzee wa Barafu,” alisema leo, “huko kwenu kuna baridi kiasi gani mpaka mnaikumbuka kwa kuibeba?”

Watu wa boila walicheka. Nilicheka pia, kwa adabu. Kule kwetu hakuna baridi hata kidogo, naye anajua.

12 Machi

Daraja la chini limekwenda na maji. Malori hayapiti. Kila kopo lililopikwa tangu msimu uanze limo ghalani.

16 Machi

Jungu la pili tena. Digrii nne na kitu, upande uleule.

Geji iliyochoka hupotoka, hilo nalijua vizuri kama ninavyojua magoti yangu. Lakini hupotoka kilevi, leo huku, kesho kule. Hii imepotoka kama mtu aliyeelekezwa nyumba. Nimegeuza sahani yake na kutazama ile skrubu ndogo ya nyuma inayosogeza mshale. Mfereji wake una mkwaruzo mpya ambao si wa bisibisi yangu. Bisibisi yangu ni pana kidogo.

Kuna mkono.

Nimetembea kurudi nyumbani chini ya mwavuli nikijiuliza swali moja: nani ananufaika jungu likidanganya kwamba lina joto? Mpishi hanufaiki, anafunga mvuke geji inapomwambia. Meneja hanufaiki, makopo ni yake. Lakini jungu lisilofika joto linakula mvuke kidogo, na mvuke kidogo ni mafuta kidogo, na mafuta yasiyochomwa yapo kwenye pipa la mtu fulani.

Shemeji aliniuliza mezani mbona siongei. Nikasema nimechoka. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

17 Machi

Nimemwomba binti yangu rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Aliuliza kama nina mchumba. Nikamwambia nina mwizi.

18 Machi

Kabla kazi haijaanza nilipitia kiwandani nikapaka tone moja la rangi juu ya skrubu ya geji ya jungu la pili, nikaliacha likauke. Ni hila ya kale ya mafundi wa vipimo. Rangi haizuii mtu. Inatunza kumbukumbu tu. Akigeuza skrubu, itapasuka.

Sikumwambia mtu yeyote. Shemeji alikuwa hajaingia zamu, naye sikumwambia, kwa kuwa huongea na kila mtu.

20 Machi

Mvua mfululizo. Shemeji amehamia dengu, nazo zimemgomea. Anasema anaona aibu kumpikia mgeni.

23 Machi

Nimekuta rangi imekwanguliwa. Mfereji wa skrubu umesafishwa vizuri, nyekundu kidogo tu imebaki pembeni. Digrii nne na nusu juu.

Nikazunguka nyuma ya nyumba ya boila kwa kisingizio cha kumwaga maji ya barafu. Kuna mapipa mawili pale, yamefunikwa turubai, na turubai limewekewa matofali. Niligonga moja kwa kifundo cha kidole. Limejaa. Mafuta mazito hayana sababu ya kulala nyuma ya nyumba wakati tangi lipo mbele.

Masizi alinikuta. Hakustuka, jambo ambalo lenyewe nililiona ni ushahidi. Alisema, akifuta mikono, kwamba alikuwa ananitafuta. Kwamba geji ya presha ya jungu la pili haipatani na geji yangu ya joto, moja inasema hivi, nyingine vile, na kama ni fundi kweli nimwambie ipi inasema uongo. Nikafikiri: ameona nimeona, sasa anatupa vumbi. Nikamwambia nitaangalia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja. Nilimweleza skrubu, rangi, mapipa. Sikusema “Masizi ameiba.” Niliyapanga mambo mbele yake kama vyombo mezani, nikamwachia aketi mwenyewe.

25 Machi

Masizi amesimamishwa. Anasema mapipa yale aliyaweka akiba kwa kuwa alijua daraja halitavumilia mvua na gari la mafuta halitafika. Meneja alimuuliza kwa nini hakumwambia. Akajibu kwamba mwaka juzi alimwambia na akachekwa.

Alipita karibu nami akienda na kikombe chake cha bati. Hakutania.

Nimelala vizuri, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

30 Machi

Nilikwenda leo nikiwa na moyo mwepesi, barafu kwapani. Jungu la kwanza, sawa. La tatu, sawa. La pili, digrii nne na kitu.

Masizi hajakanyaga kiwandani wiki nzima.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akasema, nimekosea. Mimi nilisema: kumbe ana mwenzake.

1 Aprili

Nimeanza kuwatazama watu wote. Anayesaga chumvi, anayefagia, yule dada anayebandika lebo ambaye hucheka bila sababu. Nimegundua kwamba ukimtazama mtu yeyote kwa muda wa kutosha, atafanya jambo la kutilia shaka. Atatazama nyuma. Ataweka mkono mfukoni.

2 Aprili

Makopo yamevimba. Si mengi, lakini kwenye chumba cha joto sampuli za jungu la pili zimetuna vifuniko, na moja limepasuka kwenye mshono. Harufu yake ilitufikia ofisini. Makopo ya wiki zote ya jungu hilo yatafukiwa. Meneja alisema hayo akiwa amesimama dirishani, akitazama daraja lisilokuwepo, na nikajua anawaza kile nilichokiwaza: lingekuwepo, makopo hayo yangekuwa yameshafika kwenye vyungu vya watu.

Kisha akasema hesabu ya mafuta haidanganyi, yalipungua kweli kutumika, na Jumatatu atampeleka Masizi polisi. Ataitwa mwizi, na kama kuna mtu atakayeumwa popote, ataitwa jina baya zaidi.

Ana watoto, mkubwa wao amefundishwa shuleni na binti yangu.

4 Aprili

Leo nitaandika polepole.

Jioni, mvua ilipokatika kidogo, tulikaa mlangoni, shemeji na mimi, kama tunavyofanya. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu chake kidogo cha kukunja, kile alichokuja nacho kutoka kwetu, mpini umefungwa waya. Ana namna yake ya kumenya, ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Mke wangu alikuwa akimenya vivyo hivyo. Nadhani walifundishwa na mama yao. Nilikuwa natazama utepe ule, wala sikuwa nawaza kiwanda, nilipoona ncha ya kisu.

Ilikuwa na wekundu kwenye pembe, pale chuma kinapokutana na makali. Si kutu. Kutu ya kisu kile naijua.

Alinipa nusu ya chungwa. Nilikula. Sijui lilikuwa na ladha gani.

Nimeingia ndani nikakaa kitandani. Shemeji. Miaka yote hii, tumelala chumba kimoja alipokuwa mgonjwa, nimemlisha kwa kijiko, amenizikia mke wangu nilipokuwa siwezi kusimama. Wamempa nini? Nimeanza kukumbuka mambo: kunitazama kwake mezani, maswali yake kila Jumamosi, nimeona nini, nimeandika nini. Viatu vyake vipya vya mwezi uliopita. Kwa nini hakunitazama usoni Jumatatu. Kila kumbukumbu niliyoigeuza ilikuwa na doa upande wa pili.

Na tena nilijua kwamba nikisema, barua ya kibali haipo, na mtu wa umri wake ataambiwa arudi mahali ambapo hakuna mlango unaomjua.

5 Aprili

Sikusema.

6 Aprili

Digrii nne na kitu. Nimeandika, nimerekebisha. Sikupaka rangi. Shemeji alikuwa amesimama karibu, akinitazama mikono.

7 Aprili

Kesho Masizi atapelekwa polisi.

Nilimkuta shemeji jikoni, anachochea maharage, akiyatukana kwa upole. Nilifunga mlango. Binti yangu alikuwa kwa jirani. Nikaweka kile kisu chake mezani, nimekifungua, na kando yake nikaweka chupa ya rangi ya kucha.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilipanga kuuliza kwa utaratibu, moja baada ya lingine. Lakini yeye alitazama mezani, akazima moto, akaketi kama mtu anayetua mzigo.

“Kwa hiyo ile rangi ulipaka wewe,” alisema. “Ningejua nisingeikwangua.”

“Wamekupa nini, shemeji?”

“Nani?”

“Waliokutuma.”

Alinitazama, na polepole uso wake ukabadilika, kwanza akashangaa, kisha akaumia, kisha nikaona jambo ambalo sikulitarajia: alinihurumia.

“Hakuna aliyenituma,” alisema. “Nilikuwa nakufichia.”

“Unanifichia nini?”

“Macho yako. Nilidhani yamekwisha.”

Akanieleza, akitazama mikono yake. Kila Jumatatu, kabla boila haijapanda, ni siku ya kuosha majungu. Geji huchomolewa. Naye, kama tulivyofundishwa sote kule chini, haanzi wiki bila kuijaribu geji: unachemsha maji kwenye sufuria, unatumbukiza, na mshale lazima usimame kwenye mia. Kule kiwanda cha samaki mtu ambaye hakufanya hivyo alifukuzwa siku hiyohiyo. Basi Jumatatu ya kwanza alitumbukiza, mshale ukasimama kwenye tisini na tano na nusu. Alidhani ameona vibaya. Akachemsha tena. Tisini na tano na nusu. Na geji ile nilikuwa nimeitengeneza mimi siku mbili nyuma, kwa mkono wangu, nikaibandika lebo yangu.

“Nikasema, mzee amechoka,” alisema. “Nikiongea, watakuondoa, na wewe bila kasha lako la mbao utakaa wapi? Nikasema nitaiweka sawa kimya kimya kwa ncha ya kisu, mshale urudi mia. Jumamosi unakuja unaiharibu, Jumatatu naiweka sawa. Nilikuwa naomba tu msimu uishe kabla hawajajua.”

Nilikaa. Kisha nikainuka, nikawasha moto upya, nikainjika sufuria ya maji matupu kando ya maharage yake, na nikaleta kasha. Maji yalipochemka, yakiruka kabisa, nilitumbukiza kipimajoto cha rejea na kumwita asome yeye, kwa macho yake mazuri.

Akasoma. Tisini na tano na nusu. Akainama akasoma tena.

“Kimeharibika,” alisema.

Nikatoa barafu iliyobaki, nikaponda, nikatumbukiza. Tukangoja. Sifuri.

“Tuko juu, shemeji,” nikamwambia. “Hewa ya huku ni nyepesi. Maji huchemka kabla hayajafika mia. Kule chini mia ilikuwa mia. Huku maji hayaijui.”

Aliangalia sufuria ya maji, kisha ile ya maharage. Miaka yote hii. Nilimwona akiipitia yote moyoni, kila chungu alichokilaumu, kila kuni, kila mgeni aliyetafuna kimya kwa adabu.

“Kwa nini hukuniambia?” aliuliza.

Alilalamika kuhusu maji mavivu mara nyingi kuliko alivyonisalimu, na mimi, ambaye ndiyo kazi yangu, nilisikia mtu anayelilia kwao tu. Digrii nne na kitu, upande uleule, kila wiki: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza hapa maji yanachemkia digrii ngapi. Sikuuliza kwa sababu nilikwishapata mtu wa kumshuku, na nilimpata siku aliponitania kuhusu kwetu.

Kisha shemeji alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: “Andika geji imechoka. Geji huchoka. Waweke mpya, mimi sitaigusa tena. Nani atajua?”

Nitaandika hapa kama nilivyojikuta: nilitaka. Nilitamani sana. Nilikwishaanza kupanga maneno.

“Masizi atajua,” nikasema.

Tukala maharage, magumu vilevile.

8 Aprili

Tulikwenda pamoja kabla ya king’ora cha zamu. Shemeji alivaa koti lake la mazishi. Masizi alikuwa ameshafika, amesimama ukumbini na mkewe, wakingoja kupelekwa.

Nilimweleza Meneja yote, kisha nikamwomba maji na jiko, nikachemsha mbele yake, kwa kuwa watu huamini sufuria kuliko mzee. Alisoma mwenyewe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema mwezi uliopita Masizi alimwambia presha haipatani na joto, naye akamtuma kwangu.

Nikasema ndiyo. Aliniambia mimi pia.

Shemeji alitaka kuzungumza, akashindwa, akaomba radhi kwa Masizi kwa kuinamisha kichwa tu. Meneja alisema hawezi kumrudisha kwenye jungu, na kuhusu barua ya kibali atafikiri. Hapo Masizi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwamba boila inahitaji mtu wa kutazama kina cha maji mchana, mtu asiyelala kazini, na kwamba mtu anayechemsha maji kila Jumatatu bila kuambiwa na yeyote huenda akafaa.

Mkewe alimtazama kama anayetazama mwendawazimu.

Nilimfuata Masizi uani. Nilianza maneno yangu. Nayo nilikuwa nimeyatayarisha. Alinikatiza bila ukali.

“Yule amekosea maji,” alisema. “Wewe umenikosea mimi, fundi.”

Akaenda kuwasha boila.

13 Aprili

Yote sawa. Shimo la makopo limefukiwa nyuma ya ghala. Mvua imenyesha juu yake.

20 Aprili

Shemeji anarudi nyumbani mweusi kwa masizi, akiniimbia presha na kina cha maji. Ameweka jiwe juu ya kifuniko cha chungu, kushika mvuke. Maharage yameanza kulainika, na ameacha kuyalaumu maji ya huku, nami nimegundua kwamba nayakosa malalamiko yale.

27 Aprili

Malori yamepita. Masizi ananiita fundi. Kila mtu kiwandani hunisalimu kwa heshima, naye pia, na heshima yake ndiyo inayonichoma.

11 Mei

Njegere zimeisha. Meneja ametia sahihi barua ya kibali.

Nimehakiki kwa mara ya mwisho. Jungu la kwanza, sawa. La tatu, sawa. Jungu la pili, tone la rangi nililopaka upya mwezi uliopita limekaa zima juu ya skrubu, na geji imepotoka karibu nusu digrii, yenyewe, kama kitu chochote kilichokaa mahali na kufanya kazi. Niliandika nilivyoikuta, na nilifurahi kuliandika kosa lile kuliko namba yoyote sahihi ya msimu huu.

Kisha nilibeba chupa ya barafu hadi mlango wa boila. Masizi alikuwa ameketi juu ya kigoda, kikombe chake cha bati kikiwa na maji. Shemeji alikuwa ndani, anatazama kioo cha maji, akajifanya hajaniona. Nikafungua chupa na kunyoosha mkono. Sikusema kitu, na mtu huyu, ambaye msimu mzima alikuwa na neno kwa kila kitu, naye hakusema.

Alichukua kipande kimoja. Alikitumbukiza kikombeni, akakitazama kikizunguka, akaweka kikombe sakafuni karibu na mguu wake. Hakunywa nikiwa pale. Nilipofika kwenye geti niligeuka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Sikuona vizuri kama alikuwa anakunywa. Macho yangu, kwa umbali ule, siyaamini tena.